Nukta Nyekundu kwenye Amplifaya ya Inger-Lise

Mpendwa Bi Tove wa ukurasa wa ushauri gazetini,

Naomba unitegee sikio na usinikate kauli, kwa sababu jambo lenyewe ni la bei, na mimi kwa mambo ya bei sijawahi kuomba ushauri tangu nizaliwe, shule niliishia darasa la saba lakini gulio la farasi la Hjallerup ndilo lililonisomesha, na pale niliwahi kumuuzia mtu farasi kipofu, naye akanishukuru na jibini akaniletea Krismasi, uliza yeyote hapa Thy atakwambia Verner ni nani.

Ninauza spika mbili, amplifaya na mashine ya santuri, vitu tulivyonunua mimi na marehemu mke wangu Inger-Lise mwaka 1981 kwa pesa za karamu ya harusi, wageni wakala soseji tu na hakuna aliyelalamika kwa sababu muziki ulikuwa mkubwa hata wasisikilizane, na sikutanii nikisema spika hizi zikifunguliwa sawasawa wavuvi walizisikia wakiwa nusu ya njia kwenda Norwei, na ng'ombe wa shamba la ng'ambo waliongeza maziwa lita mbili kila mmoja, mpaka mtu wa kiwanda akaja kuuliza wanalishwa nini. Nauza kwa sababu mwezi ujao nahamia Aalborg, chumba na sebule karibu na mpwa wangu Malene, na kuta za kule ukipiga chafya jirani anakuombea afya.

Basi Jumamosi iliyopita akaja Rikke Mølbak, mwalimu wa muziki kutoka Viborg, na santuri yake mwenyewe ya kujaribia kwapani. Nikamtajia kroni elfu tisa. Akataja elfu tatu na nusu, akasema spanji inayozunguka spika ya kushoto imeoza. Nikamwambia binti, hiyo haijaoza, hiyo imekomaa kama jibini. Akasema, "Jibini nanunua kwa kilo, mzee. Leo nimefuata spika." Nikampenda palepale. Tukaanza kupigana viganja kama gulioni kule, ukitaja bei unampiga mwenzio kofi la kiganja, na kofi la tatu likishikwa mali imeuzwa hata kama nyumba inaungua. Tukafika elfu tano na mia mbili, la tatu likapigwa, likashikwa, nikamimina kahawa na tone la kile kinywaji kikali cha kufungia biashara.

Hapo mwalimu, kwa furaha yake, akatoa kitambaa na spiriti kwenye begi akaanza kupangusa mali yake, akasema hili doa la rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti litatoka mara moja.

Bi Tove, hilo si doa. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi Aksel, mwoka mikate, Jumamosi mchana ndio usingizi wake, basi Inger-Lise akaweka nukta nyekundu ukingoni mwa kile kitufe, ukikizungusha nukta ikakaa juu kabisa, ukizidisha hapo Aksel anagonga. Akaniambia, "Verner, huu ndio mwisho wa furaha yetu mpaka Aksel aamke." Kila Jumamosi, tukishamaliza nyama ya nguruwe na viazi, tulicheza jikoni mpaka kwenye nukta na si zaidi. Aksel alihama miaka kumi na moja iliyopita. Inger-Lise ana miaka mitatu ardhini. Mimi Jumamosi bado nawasha, nasimama jikoni na taulo la vyombo begani, nazungusha, nukta ikifika juu mkono unagoma.

Nikamsogeza yule mwalimu, nikamwambia bei imepanda, elfu tisa, haipungui. Akaniangalia. "Mzee Verner, mkono umeshapigwa." Nikamwambia kiganja changu kina ganzi, kofi la tatu sikulisikia. Akavaa koti akaondoka, na santuri yake akaisahau juu ya mashine. Malene anasema nimeiaibisha familia nzima.

Sasa naomba uniambie bei ya haki ni ipi, na nifanyeje nipate elfu tisa bila kuitwa tapeli.

Verner, Thy

*

Ndugu Verner,

Pole kwa Inger-Lise. Nalisema hili kwanza, kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza.

Kama Aksel aligonga ukuta kila mlipoipita nukta, wavuvi wa njia ya Norwei hawakusikia kitu, kwa hiyo ng'ombe wako tuwaache zizini. Na kiganja chako hakina ganzi. Mtu wa Hjallerup anayelikana kofi la tatu anajua alichofanya, ndiyo maana umeniandikia.

Uliza bei ya haki kwa waliokwisha kuuza, usiulize kwa wanaotangaza na kungoja. Kisha toa gharama ya kilichoharibika, na ukitaje wewe kabla mnunuzi hajakiona. Nimempigia fundi mmoja wa redio. Seti ya umri huo yenye spanji nzima inakwenda kroni elfu sita. Kubadili spanji ni mia nane. Fanya hesabu mwenyewe, hata darasa la saba linatosha. Mwalimu hakukupunja kroni moja.

Elfu tisa yako haikuwa bei. Ulikuwa umekiona kitambaa kinakwenda kwenye nukta, ukashindwa kusema "niachie hiyo, ni ya mke wangu," ukataja pesa. Yule binti hakuwa na namna ya kujua. Nukta ile haimo kwenye bei. Hakuna wa kukulipa kwa ajili yake, na hakuna wa kukupunguzia kwa sababu yake.

Sasa nisikilize. Mpigie leo, kabla ya chakula cha mchana. Santuri yake unayo, sababu ya kupiga unayo. Omba radhi, na usianze na bei, anza na Inger-Lise. Mwambie mali ni yake kwa mkono uliopigwa. Kisha ujue jambo ambalo bingwa wa spika miaka yote hukuligundua: kitufe cha sauti hakikufungwa kwa msumari. Kinashikwa, kinavutwa taratibu, kinatoka. Kitie mfukoni uhame nacho Aalborg, na mpunguzie mwalimu mia mbili atafute kingine. Kofi la tatu linakataza kupandisha. Kushusha halijamkataza mtu.

Lakini usikivute bado. Mwambie aje Jumamosi saa tisa alasiri. Wewe anza saa nane. Weka santuri mliyoizoea, simama jikoni na taulo lako begani, zungusha mpaka nukta ikae juu, halafu usisimame hapo. Ipite.

Aksel ameshaamka, Verner.

Tove