Raheli, Mkwe Apite Nyuma

Ihumwa, kiangazi cha 1912

Mwaka umetimia tangu homa ikuchukue, Raheli binti yetu, na mimi mama yako bado sijapata pa kukaa. Nikiketi nainuka. Mikono inatafuta kamba.

Huruma yako haikuwa na maneno mengi. Ndama uliwafunga kwa fundo la wimbo wa kukamulia, "Ndama ana haraka, mwachie mlango." Kitanzi kimoja kilibaki nje; ukikivuta, mnyama yuko huru. Fisi walipovunja zizi ulivivuta vyote, na ndama wakakimbilia watu.

Tangu reli ya Mdachi ifike Dodoma watu wameongezeka, maji ni yale yale. Kila kiangazi lazima kisima kichimbuliwe, na wewe ndiye uliyemfunga kamba anayeshuka. Wanaume walikutania kwamba kamba ya kisima si kazi ya binti. Ukamjibu mmoja, "Basi shuka na fundo lako, tutakuja kukuokota."

Fundo hilo ulilitoa katika wimbo wa harusi wa bibi yako Dorkasi: "Mkwe, zunguka nyumba mara mbili, pita nyuma mama asikuone, kisha ukalie mkono wako." Nyumba ni kiuno cha mtu, mkwe ni ncha ya kamba, mama ni kamba kuu iendayo juu, na kukalia mkono ni ncha kuchomekwa chini ya mzunguko wake. Kamba ya ngozi ikilowa hulegea, lakini fundo hilo halitelezi.

Jana ilikuwa zamu ya Sila, mdogo wako, kushuka kisimani. Alijifunga mwenyewe, akiimba kwa mzaha kwamba mkwe wa siku hizi hupita mbele na kumwamkia mama shikamoo. Nikaivuta kamba. Ikafunguka mkononi mwangu.

"Mama, huo ni wimbo wa harusi tu," akasema.

"Na hilo ni shimo tu. Funga upya."

Nilimfanya aimbe ubeti wote mbele za watu, mpaka mkwe akapita nyuma. Baba yako akavuta kwa nguvu zake zote. Fundo likashika. Sila akashuka.

Niliambiwa nikae, sikukaa. Nilizunguka kile kisima kama kuku anayetaka kutaga, mpaka sauti yake ikatoka chini, imejaa tope, ikiimba ubeti wako. Bila mzaha.

Maji yapo, Raheli.

Tunaokukumbuka: mimi mama yako Yudith, baba yako Silvano, bibi yako Dorkasi, na Sila, aliyepanda salama.

Daima tutakukumbuka, kila kamba ikazwapo.