Zege la Maji ya Chumvi

Tanga, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Elia,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na kifua chake? Nasikia mvua imechelewa huko Old Moshi. Natumaini migomba ya kihambani, pale shambani kwetu, haijanyauka. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hautulii, na nitakueleza sababu.

Unajua tunatengeneza gati kuukuu la kupakia mkonge. Ukipita juu unaona zege zima. Ukiingia chini ndipo unaogopa. Chumvi ya bahari imepenya hadi kwenye nondo, nondo zimeshika kutu, na kutu ikivimba inalipasua zege kutoka ndani. Kazi yetu ni kubomoa zege lililoingiwa na chumvi, kusugua nondo mpaka zing'ae, kisha kumwaga zege jipya, zito, la mchanga wa mto na maji ya kisima, lizifunike nondo kwa unene wa vidole vitatu.

Ijumaa moja maji ya kisima yalituishia. Nyapara akaamuru tujaze pipa kwa maji ya bahari. Shafii, yule mwashi wa Moshi mjini niliyesafiri naye, akamwambia, "Mzee, injinia ametukataza maji ya bahari."

Nyapara akajibu, "Maji ni maji. Anayechagua maji arudi kwao mlimani."

Tukanyamaza, Kaka. Nilikoroga mwenyewe, tukamwaga boriti nzima.

Jumanne iliyofuata bonge la zege la zamani lilikatika juu yetu, likamwangukia Shafii mguuni. Tulipokuwa tunamwinua niliiona nondo iliyobaki ikining'inia. Ilikuwa imeliwa hadi ikawa nyembamba kama njiti. Nikaikumbuka boriti yetu. Kwa nje ni nzuri kabisa. Isingeanguka leo wala mwakani. Ingengoja mpaka tuisahau, halafu imwangukie mtoto wa mtu.

Nilikwenda kwa injinia. Nikamweleza yote, na kwamba mkorogaji nilikuwa mimi. Nyapara akakana. Injinia hakubishana naye. Alikwenda kwenye lile pipa, ambamo maji ya Ijumaa yalikuwa yamebaki kidogo, akachovya kidole, akaonja, akatema. "Boriti ibomolewe," akasema.

Nyapara hakufukuzwa. Jana tulipokuwa tunabomoa alisimama juu ya gati na nyundo, nami nilikuwa chini siioni mikono yake. Kila kokoto iliyoniangukia ilinishtua. Kesho narudi huko huko. Nikiacha, zege jipya litamwagwa chini ya usimamizi wake yeye, na nani atayaonja maji?

Nisalimie Mama, shemeji, na dada yetu aliyeolewa kule Mkuu. Mzee wa kanisa mwambie naomba aniombee.

Kuna jambo moja zito, Kaka. Daktari amemkata Shafii mguu chini ya goti. Anakula na anaongea, ila hataki tuwaandikie kwao. Mama yake ni yule mjane mshonaji wa karibu na msikiti, na hana mtoto mwingine. Wasafiri wa treni watamfikishia habari vibaya. Nakuomba ushuke mjini wewe mwenyewe. Usimwambie akiwa amesimama. Akikuuliza mwanawe alikuwa na nani, mtajie jina langu. Na akiuliza kama naye alimwaga maji yale, mwambie mwanawe alikataa kwa mdomo wake, mimi ndiye niliyenyamaza nikakoroga.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Ndelilio