Matobolwa ya Bibi Sekalinga

Ubaruku, Agosti 1976

Dada Helena,

Shikamoo. Huku tu wazima, na ng'ombe wamepata malisho. Majina ya vyakula ndiyo yananichekesha. Juzijuzi niliomba numbu, yaani viazi vitamu vya kwetu, nikaletewa mizizi mingine kabisa. Nikakaribishwa ulanzi nikadhani ni uji, kumbe pombe ya mianzi!

Jirani yangu ni Bibi Sekalinga, Mhehe wa Iringa, hajawahi kufika kwetu Usukumani. Jana mchana homa ilimzidi, nikaenda kumtazama. Akafumbua macho.

"Mbuke, nipe matobolwa."

Dada, viazi vile vya kuchemsha na kuanika sijawahi kuvitaja huku kwa jina hilo.

"Bibi, neno hilo umelisikia wapi?"

"Nipe, mwanangu. Nimetoka nyumbani bila kula, na safari ni ndefu."

Ilikuwa sauti ya mama yetu. Nikakimbia kuleta kidogo nilichobakiza, akala huku ananishika mkono.

Leo bibi amepona. Hakumbuki chochote, ila ameniuliza vile vitamu vinaitwaje.

Mume wangu Shigela sijamwambia. Dada, nijibu upesi: mama yupo hai huko nyumbani?

Mdogo wako,
Mbuke