Talaka Isiyokuwa na Mashahidi

Mtaa wa Langoni,
Amu.
8 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Ghassan,

Mwaka 1946 mamangu alimpoteza baba yake Bombay, na mwaka uliofuata nyanya yangu akapoteza jina la kuwa mke wa mtu. Nimeyatanguliza haya kabla ya salamu kwa sababu ndiyo yaliyonishikisha kalamu, na wewe wamjua dada yako, hana subira ya kuzunguka.

Sasa salamu. Assalaam alaykum wa rahmatullah. U hali gani huko? Kifua kimepoa, au vumbi la Mumbai bado lakukohoza? Mkeo Sundus na mapacha wazima? Sisi huku twamshukuru Mungu. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa hata mmoja. Juzi daktari alimwambia apunguze chumvi, naye akamwambia daktari apunguze maneno.

Barua hii nimempa Yassir, jirani yetu, anayempeleka mamake kutibiwa moyo huko. Nimeandika kwa kalamu makusudi. Ya kwenye simu umekwisha kuyafuta mara moja. Hii nimemwambia Yassir asiondoke mpaka aone umeifikia sahihi yangu.

Kumbuka tulikotoka. Miaka miwili ulizunguka makaburi na misikiti ya Bombay, hiyo Mumbai yenu ya leo, ukimtafuta babu yangu Jamaludin, nduguye babu yako, mpaka ukaniambia mji umemmeza. Ulikuwa ukiulizia nyumba ya Jamaludin, fundi cherehani kutoka Afrika. Ni nani angeijua, na hakuwa na nyumba? Ni mimi niliyekwambia: mwanamume wa Amu akioa huingia nyumbani kwa mkewe, na heshima yake iko pale pale. Kawaulize wazee wa mtaa wa Dongri kuhusu mgeni aliyekaa kwa wakwe zake. Ukacheka, ukasema huko mume wa namna hiyo huchekwa mtaa mzima. Nikakwambia basi vizuri, watakuwa hawajamsahau. Siku ya pili yake tu, mzee mmoja muuza maziwa akakushika mkono mpaka mlangoni kwa Bi Hayat.

Bi Hayat, binti wa Babu Jamaludin, miaka sabini na mitano. Mama yangu amekaa duniani miaka themanini na miwili akijiona mtoto wa pekee, kumbe ana mdogo wake. Nilipomwonyesha ile picha alisema, "Pua ya baba hiyo." Nikamuuliza ameijuaje, na baba aliondoka yeye ana miaka mitatu. Akanijibu, "Naiona kwenye kioo kila siku, weye."

Kisha, tarehe 21 Novemba, ukatuma ule ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Dakika nne. Bi Hayat akisimulia, wewe ukifasiri. Niliusikiliza mara mbili, nikaenda kuswali Magharibi, na niliporudi ulikuwa umeufuta. Umechelewa, mdogo wangu. Maneno yale ninayo kichwani.

Alisema kwamba kila Idi baba yake alikuwa akikata vitambaa mafungu mawili, moja la nyumba ile na moja la Amu. Alisema mamake alikuwa akiusimulia utani wake hata baada ya kufiwa, alivyokuwa akimwambia mumewe, "Mke mkubwa umemkatia ndefu kuliko mimi!" naye Babu akimjibu, "Mke mkubwa ni mrefu kuliko wewe." Na alisema mafungu yale yalikuja mpaka mwaka 1958 Babu alipofariki, na aliyekuwa akipelekewa ayafikishe ni nduguye, Abdulwahid. Hapo ndipo sauti yako ilipopungua, nami nilisikia ilivyopungua.

Sasa weka hayo kando ya tuliyolelewa nayo. Babu yako Abdulwahid alikwenda Bombay na nduguye, akarudi peke yake mwaka 1947 na habari mbili: kwamba Jamaludin ameoa huko, na kwamba Mardhiya, nyanya yangu, ameachwa talaka tatu. Nyanya alimjibu mbele ya mawifi zake wote, "Nileteeni mashahidi wawili, leo hii nakaa eda." Hawakuletwa. Hakukaa eda, hakuolewa tena, na mpaka alipofariki mwaka 1989 watu walimwita mkaidi asiyekubali kuachwa. Mtu aliyemwacha mkewe kwa talaka tatu humkatia nguo za Idi miaka kumi na mmoja, na mke wa pili akamtania kwa kumwita mke mkubwa? Piga hesabu hiyo wewe mwenyewe.

Na nguo zilifika. Mama anakumbuka shangazi zako wakitoka siku ya Idi na vitambaa vya Bombay vinavyometa, yeye yuko na gauni la mwaka jana lililoshushwa pindo. Alipouliza, mke wa babu yako alimwambia, "Mamako si mke wa mtu tena. Wewe wataka nguo za nani?"

Idi mbili kwa mwaka, miaka kumi na mmoja, ni mafungu ishirini na mawili. Sidai hata uzi. Nilianza na mikeka sita ya Kipungani niliyoibeba kichwani mwenyewe, ukoo huu haujanipa hata msumari, na leo nina duka na ghorofa mbili juu yake. Nguo najinunulia.

Ninachotaka kiko kwa babako, Ami Idarus, kwani ndiye anayesoma majina ya marehemu katika khitma yetu ya Shaaban. Unajua anavyosoma, nyumba kwa nyumba, mtu na mkewe na wanawe. Nyanya husomwa mwisho, peke yake, pamoja na wasio na watu. Nilikwenda kwake nikamwambia mwaka huu amsome kando ya mumewe. Alinimiminia kahawa kwanza.

"Rahima, wanitaka nimwite babangu mwongo mbele ya watu?"

"Nataka umwite nyanyangu mke wa mtu. Babako atajijibia mwenyewe huko aliko."

"Aliyesikia ni Ghassan. Akiniambia kwa kinywa chake, nitamsoma. Wewe siwezi kukutegemea, wewe una lako."

Kweli nina langu. Nilimwambia hivyo, nikamalizia kahawa yangu.

Najua kwa nini uliufuta ujumbe ule. Babu yako alikulea, na mimi pia alikuwa akinipa halua mlangoni pake kila Ijumaa. Sitamruhusu mtu amtukane. Alilolisema alilisema kwa sababu gani, sitauliza, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Lakini yuko hai aliyeumizwa nalo. Jana Mama aliniita kitandani kwake akaniambia, "Mamangu hakuatwa, talaka hakupewa. Nataka lisomwe nami nasikia, kabla hawajanisoma mimi."

Nisalimie Sundus, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Msalimie mno Bi Hayat. Mwambie dada yake mkubwa anatafuta mtu wa kumfundisha kupiga simu ya picha, na anauliza kama naye magoti yanamsumbua. Huku wote wanakusalimu, na babako anakusalimu zaidi, ingawa hatakwambia. Mwenyezi Mungu akukunjulie riziki, akulindie kifua chako na wanao, na akutie nguvu ya kulisema unalolijua.

Khitma ni Jumapili, tarehe mosi Februari. Nataka umpigie babako Jumatano tarehe 28 Januari, kabla ya Isha ya Amu. Usiandike, piga, nami nitakuwa nimekaa mbele yake pamoja na Mama. Umjibu hili kwa ndiyo au hapana: Bi Hayat alikwambia kwamba nyanyangu Mardhiya aliitwa mke mkubwa katika nyumba ile mpaka Babu Jamaludin alipokufa, au hakukwambia?

Wako nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Dada yako,
Rahima