Shamari ya Gunia la Tatu

Jumanne, 3 Juni 2025

Homa imenishika vibaya, pua imeziba kabisa. Jacky wa mlango wa pili amejifungua wiki mbili sasa na maziwa hayatoki. Leo kaniita ukutani: Mama Gichuru, nifanyie ile dawa yako! Dawa gani — ni chai ya shamari tu, yale majani membamba yenye harufu tamu. Shamis alinifundisha kabla hajahama hapa Shauri Moyo: chuma, nusa, ndio upike. Mimi na pua hii hata vitunguu sisikii harufu yake. Nimekata ya gunia la tatu kati ya magunia ninayopandia uani, lile la udongo Opicho wa mkokoteni alionichotea mtoni. Limestawi kuliko mengine. Majani mapana kidogo, lakini nilimwaga mbolea ya kuku.

Jumatano, 4 Juni

Jacky alikunywa vikombe viwili asubuhi. Saa nne anatapika, miguu haimshiki! Mumewe Austine amemkimbiza hospitali. Mtoto nimeachiwa mimi, namlisha maziwa ya kopo kwa kijiko, anatema yote. Austine amepiga simu. Ati madaktari wameuliza alikula nini, akawaambia ugali, sukuma, chai ya shamari. Wakamwambia shamari haina shida.

Aki nilishukuru. Nilipiga magoti kabisa.

Alhamisi, 5 Juni

Pua imefunguka. Nimeamka, nikaenda kwa magunia, nikanusa moja moja. La kwanza, tamu. La pili, tamu. La tatu — mkojo wa panya! Shina lina madoa ya zambarau. Hiyo si shamari. Sijui ni nini, imetoka na ule udongo wa mtoni. Nami nikampa mzazi!

Nikiwa bado nimeinama, Austine huyo, macho mekundu. Daktari anataka kuona yale majani, Jacky anapumua kwa shida. Nikachukua kisu. Nikakata ya gunia la kwanza. La kwanza! Akasema asante sana Mama Gichuru, Mungu akubariki, akakimbia.

Nimeogopa. Ukweli ndio huo. Plot nzima, majirani wote, hunywa chai yangu, kesho wataniita muuaji.

Nampigia Austine, hapatikani. Nimekata ya gunia la tatu, nimeifunga kwa gazeti, iko hapa mezani. Viatu nimevaa. Mtoto nimemfunga mgongoni. Hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, nami nimekaa hapa naandika, mjinga mimi! Nikisema, polisi wananishika. Nisiposema —

Huyu mtoto ameamka. Ananyonya kola ya sweta yangu, anatafuta ziwa la mamake.