Tabibu wa Thurea

Jumapili, 5 Januari

Sinia ya pili leo. Mahamri, mbaazi za nazi, vitumbua, chupa ya chai ya maziwa. Khalati Mwanaidi, dada yake mama, asema bibi na bwana harusi hawaingii jikoni siku za fungate. Kwa hiyo jikoni nimeingia mie. Kati ya nyumba yao na yetu pana kichochoro tu, sina la kusingizia.

Thurea ni binti wa khalati huyu. Tumelelewa pamoja, tumesoma madrasa moja, tumevaa nguo za Idi za kitambaa kimoja mpaka tukakataa wenyewe. Nikaha imefungwa Ijumaa. Bwana harusi ni Abdulatif, karani wa kutoa mizigo bandarini. Ameingia kwao siku saba, hatoki ila kwa sala, kama desturi.

Nimepanda ghorofani, nimebisha, nimengoja. Thurea kafungua, hina mpaka viwikoni, simu mkononi. Nyuma yake bwana harusi kaketi kwenye busati, na yeye ana simu. Nikasikia ule mlio wa panga kugonga ngao. Walikuwa wanacheza. Mchezo wetu wa simu.

Mie sikuugusa tangu Alhamisi. Nilidhani siku saba hizi umelala. Nilikaa na adabu zangu bure.

Nimeweka sinia chini nimeshuka. Sikupendezwa. Nayaandika haya hapa kwa kuwa sina mwengine wa kumwambia, na yule ambaye ningemwambia ndiye Thurea mwenyewe.

Jumatatu, 6 Januari

Joto. Tui limechacha kabla sijafika jikoni, nikarudi sokoni Marikiti kununua nazi nyingine.

Kikosi chetu ni cha watu wanne, mchezo hauruhusu zaidi. Thurea ndiye mshika ngao. Hutangulia, majitu humshukia yeye, sisi wengine tukapata nafasi. Mie ndimi tabibu. Husimama nyuma yake nikamponya asianguke. Washambuliaji walikuwa Hafsa wa Lamu, mwenye upinde, na bwana mmoja wa Nairobi tusiyemjua sura. Huyu wa Nairobi alipata kazi ya mbali akaacha. Nafasi yake Thurea kampa mumewe. Sawa. Nafasi ilikuwa wazi.

Lakini wiki hii mchezo umebadilishwa. Zamani kila mtu alikuwa na fani moja. Sasa ni lazima achague ya pili, na akishachagua amefungwa nayo mpaka msimu uishe, miezi mitatu. Thurea kanipigia simu saa nne asubuhi.

"Salha, wewe wazijua fani zote. Yeye kupigana hajui, kila akenda mbele afa. Mwache ashike tiba. Wewe ongeza mkuki, uje mbele. Waonaje?"

Nikasema sawa. Sauti yangu ilitoka tamu, mwenyewe nilishangaa. Halafu nikakaa kwenye ngazi na lile fuko la nazi mapajani.

Miaka saba nimekuwa tabibu wake. Miaka saba hajafa mikononi mwangu ela mara chache, na zile zote intaneti ndiyo iliyokatika. Huyu ana siku tatu.

Jumanne, 7 Januari

Nimechagua mkuki. Tabibu wangu wa mchezoni sasa ana fani mbili, na ile ya kwanza nimeambiwa niiache ilale.

Duka la manukato ninalofanyia kazi mtaa wa Ndia Kuu hufungwa mchana baada ya adhuhuri. Tajiri wangu huenda kula, mie hubaki stoo katikati ya makasha ya udi. Ndipo ninapochezea. Leo tumecheza wote wanne, tukisikilizana kwenye spika za masikio.

Abdulatif achelewa. Amponya Thurea damu ikiwa imebaki tone. Amponya Hafsa ambaye hajaguswa. Mara moja alimponya farasi.

Mie ningechelewa hivyo Thurea angenitukana mpaka babu yetu kaburini asikie. Kwa mumewe acheka. Kicheko chenyewe nakijua, ni kile cha zamani tulipokuwa tukijificha darini na maembe mabichi na pilipili. Nilidhani ni changu.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Nina wivu na mume wa mtu, na si kwa sababu namtaka yeye.

Jumatano, 8 Januari

Leo nimefanya jambo.

Abdulatif bado hakuwa amechagua fani ya pili. Kanitumia ujumbe asubuhi, kwa heshima zote: "Sabalkheri shemeji. Samahani kwa kukusumbua. Nambia, tabibu akitaka kuongeza fani, achague ipi? Thurea asema hakuna akushindaye."

Jibu nalijua nikiwa usingizini. Tabibu hutumia pumzi kila anapoponya, na pumzi ikiisha hana kazi tena, abaki kutazama watu wakifa. Kwa hiyo huongeza maji, kwa kuwa maji humrudishia pumzi. Fani mbaya kupita zote ni sumu. Yaonekana tamu kwenye maelezo: adui anadhoofika polepole, damu haimwagiki ovyo. Lakini sumu na tiba huchota pumzi moja. Mwenye kuzichanganya hufika katikati ya vita mkavu.

Nikamjibu: "Chagua sumu."

Nikaongeza na kaalama ka ua.

Kashukuru. Kachagua. Miezi mitatu.

Nikauza chupa nne za mafuta ya waridi mchana, kila mteja nikamfanyia bashasha. Tajiri wangu kaniuliza kuna nini leo.

Alhamisi, 9 Januari

Kuna mnara kwenye mchezo. Anayeshinda daraja la tisa huingizwa kwenye safu ya juu. Ukishindwa mara tatu unafungiwa mwezi mzima. Sisi tulikuwa tumeshindwa mara mbili. Thurea alitaka tuupande leo kwa vyovyote, kwani Jumamosi ahamia Tudor kwa mumewe, na huko kuna mama mkwe na mawifi na kazi zake. Ameutamani mnara huu tangu mwaka juzi. Ni mie niliyekuwa nikimwambia tutafika.

Mchana. Stoo. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Daraja la sita, salama. La saba, salama. La nane nikaona pumzi ya Abdulatif imebaki theluthi. Nilikuwa naitazama. Sikuwa natazama adui hata, nilikuwa naitazama pumzi yake ikishuka.

La tisa lina jitu lenye mikono sita. Thurea kaenda mbele kama kawaida yake, bila kugeuka nyuma, kwa kuwa hajazoea kuwa na haja ya kugeuka. Kapigwa. Kaponywa. Kapigwa. Kaponywa nusu. Kisha nikamsikia Abdulatif asema taratibu, "Sina kitu. Thurea, sina kitu."

Mie pia ni tabibu. Fani ya kwanza ninayo, kuiamsha ni kubonyeza mara mbili. Nilikuwa na muda. Nauandika huu ukweli wazi: nilikuwa na muda wa kutosha.

Thurea kaanguka. Halafu Hafsa, halafu mie, halafu yeye.

Hafsa hajui kunyamaza. "Nani aliyemchagulia tabibu sumu? Hata mtoto hachagui hivyo."

Nikasikia moyo wangu kwenye spika. Halafu Abdulatif: "Ni mimi. Nimejichagulia mwenyewe. Nisameheni."

Jioni sikula.

Ijumaa, 10 Januari

Sinia ya mwisho. Mkate wa mayai, kuku wa kupaka, kaimati. Nilitaka nimtume mtu, Khalati akanitazama.

Kafungua yeye, kanzu nyeupe, ametoka kuoga aende sala ya Ijumaa. Amepokea sinia kwa mikono miwili.

"Ahsante shemeji. Wiki nzima umetutaabikia."

Hakuna zaidi. Sikuona kejeli usoni mwake, na niliitafuta. Jana bila shaka amesoma. Mtu akishindwa hivyo lazima akasome, na maelezo yako wazi kwa kila mwenye macho. Anajua. Angeweza kunitaja mbele ya Hafsa, akaninyamazia.

Nimezidi kumchukia. Nafasi yangu kaichukua, na sasa hata ubaya wangu kauficha vizuri kuliko ambavyo ningeuficha mie.

Jumamosi, 11 Januari

Fungate imeisha. Mizigo ya Thurea imekwenda Tudor kwa gari la kirikuu: makabati, godoro, cherehani, masanduku matatu. Nimefunga vyombo vyake kwa magazeti tangu asubuhi.

Jioni wakatoka, mara ya kwanza kuonekana hadharani pamoja, wakenda Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo. Thurea kaning'ang'ania niende nao. Watu tele, moshi wa mishikaki, watoto na bisi. Abdulatif kaenda kupanga foleni ya muhogo wa kukaanga. Tukabaki wawili ukutani.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka vingine. Nikasema ile sumu nilimchagulia mie.

"Najua," kasema. "Alinionyesha ujumbe wako kabla hajachagua. Alikuwa na shaka. Mie ndimi niliyemwambia achague vivyo hivyo. N'kamwambia Salha hakosei."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alishanipa mlango: Salha hakosei, mara hii kakosea, basi. Kwa nini sikuupita sijui.

"Sikukosea," nikamwambia.

Kaitazama mikono yake. Hina yake imeanza kufifia kwenye vidole. Abdulatif karudi na muhogo umetiwa ndimu na pilipili, kanipa mie kwanza. Thurea hakula.

Jumatatu, 13 Januari

Jana kimya siku nzima. Leo asubuhi ujumbe wa Thurea, neno moja moja kama wa mtu anayelipia kila herufi: "Rudi kwenye tiba. Nafasi ni yako."

Basi nimeshinda.

Mnara umefungwa, tukaenda kwenye mapango. Nikasimama nyuma yake, pale pale pangu. Nimemponya vizuri kuliko nilivyowahi kumponya. Hakupungukiwa hata mara moja. Abdulatif kando na sumu yake, hapigi cha maana, halalamiki. Hafsa kafurahi, kasema sasa ndiyo kikosi.

Thurea hakusema kitu. Zamani huku anapigana huku anipa habari zote, nani kaposwa, nani kaachwa, samaki wa Khalati walivyoungua. Leo saa nzima nimesikia pumzi zake tu. Alikuwa akiniruhusu nimponye kama mtu anavyomruhusu muuguzi wa zamu.

Mwisho kasema "Haya," akatoka. Yeye na mumewe kwa pamoja.

Nimekaa stoo. Nilichokitaka nimekipata chote. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumatano, 15 Januari

Upepo kidogo leo, alhamdulillahi.

Jana nimeshinda nikifikiri. Sijafikiri mambo makubwa. Nilikuwa nikifikiri kwamba yule bwana amefungwa na sumu miezi mitatu kwa ajili yangu, na kwamba Thurea atamtazama akiwa si wa faida miezi mitatu, na kila akimtazama atanikumbuka mie.

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, nimemtumia Abdulatif neno la siri la akaunti ya tabibu wangu. Miaka saba. Fimbo yake, joho lake la rangi ya ndimu, madaraja yote. Nikamwandikia na mengine ambayo hayamo kwenye maelezo yoyote. Thurea akipiga hatua mbili kushoto, mponye usingoje damu ishuke. Akinyamaza ghafla, ameona jambo. Akianza kucheka katikati ya vita, kachoka, mtoe. Kuandika haya kumenichukua muda kuliko nilivyodhani. Yalikuwa mengi. Nilifuta mara mbili nikayarudisha.

Kajibu baada ya saa nzima: "Shemeji, hii ni amana."

Sikumjibu. Ningejibu ningemwomba anirudishie.

Mie nimeanza upya, sifuri. Nimechagua mkuki, na maji iwe fani ya pili, nimpe pumzi huyo tabibu zikimwishia. Daraja la kwanza. Nguo za gunia, mkuki wa mti. Mchana nikaingia peke yangu kwenye pango la chini kabisa, lile la wageni. Sikumwita mtu, ila jina langu huonekana kwenye orodha nikiingia.

Wakaja, Thurea na mumewe ndani ya joho langu la ndimu. Hafsa hakuwepo, walikuwa wao wawili. Thurea na ngao yake yote ya kufuru kwenye pango la watoto. Hakunisalimu. Tukaenda mbele.

Nyoka mdogo akaniuma. Nyoka wa kuaibisha, wa kuuawa kwa kiatu. Kwa nguo zile za gunia damu yangu ikashuka nusu, ikashuka robo. Nikangoja nife nianze tena.

Tabibu wangu akageuka.

Ile nuru ya kijani nimeiona mara ngapi sijui, ikitoka mikononi mwake kwenda kwa watu. Kuja kwangu sijawahi kuiona. Ilinijia ikanijaza. Spikani nikamsikia Thurea akivuta pumzi. Kisha kasogea nusu hatua, akaniwekea ngao.

Wivu bado ninao. Nimekaa nao pale chini stoo katikati ya makasha, mpaka mteja alipobisha mlango, nikainuka kufungua.