Mume Wangu Mgonjwa Anataka Tumpandishe Wilga

Mpendwa Bi Noreen, naomba msaada wako na uniwie radhi kwa mwandiko, nakuandikia jikoni huku mume wangu Murray amelala chumba cha pili, na hata kuandika jina lake machozi yananitoka. Ana saratani ya kongosho, daktari ametuambia tusipange sana habari za Krismasi, na hapa kijijini Nundle baridi ndiyo kwanza inaondoka. Amepanda farasi mbio za masafa marefu tangu kabla hatujaoana, zile za kilomita mia na sitini kwa siku moja, na mimi sijawahi kupanda, kazi yangu ni kumsubiri kituoni na ndoo na sponji, nimpoze farasi mapigo ya moyo yashuke, daktari wa mifugo amkague amruhusu aendelee. Farasi wetu jike, Wilga, hajawahi kuchechemea mbele ya daktari, kila mtu anamsifu, basi Murray ameshikilia tumpandishe dume sasa hivi, amekwisha zungumza na mwenye dume na jibu linatakiwa Alhamisi.

Juzi nilimwambia, "Murray, mimba ya farasi ni miezi kumi na mmoja."

"Najua, mama. Nilikuwa nazalisha farasi wewe bado unaogopa kuku."

Nikamuuliza huyo mtoto atapandwa na nani, maana mpaka akomae aruhusiwe mbio ni miaka mitano hivi. Akacheka, "Si wewe! Tandiko lipo, makalio unayo." Nikacheka naye, kisha nikaenda bafuni nikalia.

Bega langu halibebi tena nyasi, mwana wetu yuko Perth na farasi hawataki. Tahlia, muuguzi jirani yetu, ndiye anayemtoa Wilga mazoezi, na ameomba ampande mbio za mwezi wa kumi, lakini Murray kamkatalia, eti jike ana kazi nyingine. Kila jioni anachagua jina la mtoto, na hajaniambia neno moja kuhusu mazishi wala mimi nitaishi vipi. Nikikataa, si nitakuwa nimemuua kabla ya siku zake?

Glenys, Nundle

Glenys dada yangu, pole. Pole sana, chai yangu imepoa nikiisoma barua yako. Sasa futa machozi nikugombeze kidogo.

Tuanze na farasi, maana hilo ndilo rahisi. Wilga anafaa kuzaa, wewe hufai kuzalisha. Usinune. Anayezalisha farasi wake wa masafa marefu anahitaji malisho, mgongo mzima, na miaka ya kumsubiri mnyama ambaye pengine akikua atagoma kwenye mlima wa kwanza, hata kama mama yake alikuwa shujaa. Wako wanaoweza, na nawaonea wivu. Wewe utaachwa na kitoto cha kurusha mateke ambacho hujui hata kukivisha hatamu. Utakiuza kwa mtu usiyemjua, na utajichukia kwa kukiuza.

Sasa Murray. Mtu aliyezalisha farasi anajua kuhesabu miezi kuliko mimi na wewe. Anajua huyo mtoto wa Wilga hatamwona. Anazungumza habari za mtoto kwa sababu habari nyingine zinamtisha, na wewe unamwachia kwa sababu zinakutisha pia. Ukimkubalia, pengine atakufa ana furaha, lakini atakufa hajakuaga.

Basi usingoje Alhamisi. Kesho baada ya chai ya asubuhi, akiwa na nguvu, mwambie hapana. Atakasirika, mwache akasirike, hatavunjika. Akimaliza, muulize Wilga aende kwa nani. Mimi ningesema Tahlia, lakini neno liwe lake, alitamke mwenyewe. Mwezi wa kumi mpeleke kituoni na kiti na blanketi, amwone jike wake akikimbizwa mbele ya daktari. Kama hataweza safari, Tahlia amlete Wilga mpaka dirishani.

Halafu muulize lile lingine: azikwe wapi, na wewe ufanyeje ukibaki peke yako. Ataanza mzaha wake. Usicheke. Mshike mkono umngoje. Atalia, na wewe ulie mbele yake, akuone, maana amebakiza siku chache sana na hajui bado kama utamlilia.